Ziwa Moja, Mashanta Mawili

Kashgar, 8 Oktoba 1997

Dada Nasab,

Ya Ali madad. Natumai barua hii itakukuta mzima, na wageni wako hawajakumalizia unga.

Nakuandikia nimekaa kitandani katika nyumba ya wageni huku ng'ambo ya mpaka, ambayo ukiiona utacheka mpaka ulie. Chumba kimoja, vitanda sita, na mwenye nyumba anatuangalia kama wewe unavyowaangalia wale wazungu wanaoshuka kwenye basi pale Passu na vumbi mpaka kwenye kope. Sasa mimi ndiye mgeni. Mimi ndiye ninayeulizwa, "Utalala siku ngapi? Viatu vulia nje!" Umeona mambo? Unakumbuka tulipoyavaa yale mashanta waliyoyaacha wageni wako, ukasimama mlangoni ukasema, "Haya nendeni, punda wangu wawili, mkarudi mmeota mapembe"?

Basi punda mmoja amefika. Wa pili bado. Usishtuke, dada. Pale forodhani Sost lilizuka jambo dogo la makaratasi, Tawakkal akaambiwa asubiri. Dereva akapiga honi, abiria wakaanza kelele, nami mzigo wangu ulikuwa umeshapita. Tawakkal mwenyewe alinionyesha kwa macho kwamba niende. Nadhani atakuja na basi linalofuata, na akifika nitamwimbia nyimbo zote za kumsuta mchelewaji.

Njia ni ile ile tuliyosimuliwa tangu utotoni, ila kusimuliwa si kupita. Basi lilipanda likikohoa kama bibi mwenye pumu. Mfanyabiashara mmoja wa Gilgit alitapika ndani ya kofia yake mwenyewe, kisha akaomba radhi kwa kofia. Kule juu kabisa, kwenye jiwe la mpaka, theluji ilikuwa imeanza kushika. Watu wote walishuka kupiga picha, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule. Mimi sikushuka. Kichwa kiliniuma.

Barua hii nampa Mirbaz dereva. Ukitaka kunijibu mpe yeye, hupita kila mara.

Mdogo wako,
Sarfaroz


Passu, 13 Oktoba 1997

Sarfaroz mdogo wangu,

Barua yako Mirbaz alinipa mkononi, nami nimekaa kwenye ngazi za kituo cha polisi Sost. Jambo dogo la makaratasi! Laiti ingekuwa hivyo.

Inaelekea basi liliondoka kabla hujajua. Wamemkuta Tawakkal na ngozi ya chui wa theluji. Ilikuwa imeviringishwa ndani ya mfuko wake wa kulalia, chini kabisa ya shanta. Afisa aliyekuwa zamu alikuwa mgeni. Wale wa zamani wote wanamjua Tawakkal na wasingemgusa hata kamba ya kiatu. Huyu kavuta mfuko, ngozi ikaanguka mezani na mkia wake.

Tawakkal wetu! Yeye aliyelala mapangoni majira matatu akiwabembeleza wachungaji wasitege mitego. Yeye aliyesimama mbele ya wazee mpaka kijiji kizima kikaapa kuacha kuwinda. Leo wake za watu wakiniona kwenye mfereji wa maji wananyamaza. Jana Bibi Hurmat aliniambia usoni: "Nasab, kumbe ndugu yako alituzuia sisi tusile ili ale peke yake?" Nikamjibu, "Bibi, ungekuwa na meno ningekung'oa moja." Kisha nikaenda zizini nikalia.

Afisa mkubwa kaniuliza maswali mengi. Akauliza, "Huyu Sarfaroz aliyekuandikia ni nani kwenu?" Nikamwambia, "Ni mwanetu. Mama yake alikufa akimzaa. Mama yangu alikuwa anamnyonyesha Tawakkal, akamweka na huyu, mmoja ziwa la kulia, mmoja la kushoto." Akasema, "Kumbe! Mbona ndugu yako anasema alikuwa anasafiri peke yake?"  Nadhani Tawakkal anaogopa usije ukasumbuliwa na wewe.

Sasa nisikilize. Mlilala chumba kimoja pale hosteli ya Sost. Nani aliingia? Nani aligusa shanta lake? Fikiri vizuri, mdogo wangu. Hakuna shahidi mwingine ila wewe. Andika ulichokiona, Mirbaz alete. Mtu hawezi kubandikwa uchafu hivi hivi mchana kweupe, na ndugu yake yupo.

Kula vizuri. Nimekuwekea aprikoti kavu kwenye kifurushi hiki. Zilikuwa zenu wawili.

Dada yako,
Nasab


Sost, 15 Oktoba 1997

Ewe Sarfaroz,

Polisi mmoja ni mtu wa Gulmit, kanipa karatasi na kalamu kwa sharti nimfundishe kutofautisha nyayo za mbweha na za mbwa. Biashara nzuri.

Kwanza usirudi. Nimewaambia niko peke yangu. Ulipogeuka mlangoni mwa basi nikakuona umeganda kama mbuzi aliyeona radi, nikasema moyoni, huyu akirudi hapa tutafungwa wawili kwa kosa la mmoja asiyejulikana. Ndiyo maana nilikukazia macho. Nashukuru ulinielewa.

Wewe ndiye uliyetamani kwenda mbali kuliko Kashgar. Mimi Kashgar iliniridhisha, tambi na tikitimaji, basi. Nenda. Panda treni, fika mpaka baharini, kisha uniambie kama kweli maji yake yana chumvi au ni uongo wa walimu.

Nani kaniwekea, sijui. Nakesha nikifikiri na sijui. Ila ngozi naijua. Sikio la kushoto lina pengo. Ni yule jike wa bonde la juu, niliyekuwa nikimfuata tangu mwaka juzi. Walipoitandaza mezani sikusikia tena wanachoniuliza. Afisa anadhani nilinyamaza kwa sababu nina hatia. Nilikuwa namtazama yule jike tu, dada wa watu, namna alivyokunjwa.

Hapa chakula ni dengu na dengu. Nasab analeta mkate, polisi wanakula nusu. Usimwambie, atawapiga.

Wako,
Tawakkal


Kashgar, 19 Oktoba 1997

Dada Nasab,

Nimepata barua yako na ya Tawakkal siku moja. Nimeshindwa kula siku hiyo, na aprikoti bado zimefungwa kama ulivyozifunga.

Umeniuliza nani aliingia chumbani. Tulifika mchana. Tawakkal alitoka kwenda kuoga kwenye ile chemchemi ya maji moto, mimi nikabaki nimelala kidogo. Mlango haukuwa na kufuli. Watu walikuwa wanapita. Yule mpishi wa hosteli, yule mtu wa Wakhan, aliingia kuleta chai, nadhani mara mbili. Sisemi kwamba ni yeye. Nasema tu aliingia. Watu wa ng'ambo ile ya milima huleta vitu vingi.

Zaidi ya hapo sijui la kusema. Ushahidi rasmi nitauandika nikitulia. Hapa kuna baridi na mkono hauandiki sawasawa.

Mwambie Tawakkal asinishukuru. Mwambie hivyo tu.

Sarfaroz


Passu, 24 Oktoba 1997

Mdogo wangu,

Barua yako niliipeleka kituoni siku ile ile, nikiwa na furaha kama mtu aliyeokota mwana. Nilidhani nimeleta ufunguo. Sasa sijui nimeleta nini.

Walimchukua yule mpishi jioni hiyo hiyo. Anaitwa Nadirsho. Hana karatasi yoyote; alivuka kutoka Wakhan kwa miguu wakati wa vita, akiwa na mke, na mama yake kambeba mgongoni. Walimhoji sana. Hajasema kitu kwa sababu hana cha kusema, au kwa sababu ni mjanja, mimi sijui tena kusoma uso wa mtu. Wanasema kesi au bila kesi, watamrudisha kwao kabla njia hazijafungwa na theluji.

Jana mkewe alikuja hapa nyumbani. Mimba yake ni kubwa, kaja kwa miguu kipande chote asichopata lifti. Nilidhani kaja kunitukana. Akakaa jikoni, akakataa chai. Akaniuliza, "Dada, huyo ndugu yenu aliyeko Kashgar, alimwona mume wangu kwa macho yake?" Nikamwambia, "Alimwona akiingia chumbani." Akasema, "Alikuwa akiingia vyumba vyote. Ndiyo kazi yake." Kisha akasema, "Kama alimwona kweli, basi sina neno. Nimesikia ninyi ni watu wa kweli." Akaondoka. Nilimfuata na mkate njiani, akapokea, na hilo ndilo lililoniumiza. Angenitupia usoni ningelala vizuri.

Tawakkal aliposikia habari ya mpishi alikasirika na mimi. "Nani kakwambia uwape jina la mtu?" Nikasema, "Sarfaroz kaandika." Akasema, "Sarfaroz hawezi kuandika hivyo kama hakuona." Na mimi nimewaambia wazee maneno hayo hayo: huyu amenyonya ziwa la mama yangu, maziwa yale hayakulea mwongo.

Basi ndiyo hivyo. Tunakusimamia wewe. Mirbaz anasema theluji ikiendelea hivi, mabasi yatasimama mwisho wa mwezi mpaka masika. Ukibaki huko, utabaki majira yote ya baridi. Hakimu hatangoja masika. Njoo useme kwa kinywa chako, maana barua inakaa mezani tu na mtu anaweza kuigeuza anavyotaka. Kama ulimwona Nadirsho, useme ulimwona wapi na mkononi ana nini. Kama hukuona vizuri, useme hukuona vizuri. Hakuna atakayekulaumu.

Nasab


Tashkurgan, 28 Oktoba 1997

Dada Nasab,

Nimefika Tashkurgan, karibu na mpaka; barua hii inatangulia, mimi nafuata. Mirbaz anaondoka leo nayo. Mimi nitapanda basi la kesho, la mwisho. Ningeweza kupanda leo, kiti kipo. Nimefanya makusudi. Najijua sasa. Ningeingia Sost na barua mfukoni, ningesema labda kesho, labda baada ya chai, na kesho ningekuwa nimeichana. Ukishaisoma sitakuwa na pa kurudi. Na kama kesho nitaogopa nisije, barua hii pekee inatosha kuwatoa wote wawili. Usinionee haya. Ipeleke kituoni kabla hata hujalia.

Nadirsho aliingia chumbani mara moja. Aliweka chai dirishani, akasema, "Karibuni, wageni," akatoka. Hakugusa kitu.

Ngozi niliiweka mimi.

Niliipata kwa mchungaji mmoja wa malisho ya juu. Chui alikuwa ameingia zizini kwake akamwangushia mbuzi wengi, naye akategesha mtego, kisha akaogopa alichofanya. Alinijia mimi, si Tawakkal, kwa sababu Tawakkal angelia na mimi ningenunua. Jina lake nitalitaja mwenyewe mbele ya wakubwa. Kashgar kulikuwa na mtu wa kuipokea. Nilitaka twende mbali, dada. Miaka yote tumekaa uani kwako tukiwasikiliza watu wanasimulia walikotoka na wanakokwenda, sisi tunawabebea tu maji ya moto. Nilijiambia safari hii ni ya wote wawili, kwa hiyo mzigo ni wa wote wawili. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini mzigo niliuweka kwenye shanta lake, sikuuweka kwenye langu. Alipokwenda kuoga nilivuta mfuko wake wa kulalia, nikaufungua, nikaiviringisha ndani, nikaurudisha na kufunga kamba. Nilijua hakuna afisa atakayemkagua yeye. Sifa yake ndiyo iliyokuwa kificho changu.

Ilipoanguka mezani nilikuwa mlangoni mwa basi. Afisa akamuuliza, "Uko na nani?" Tawakkal akainua macho akanitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, "Yangu." Nililisikia kabisa likipanda kooni. Naye akasema, "Niko peke yangu." Dada, nilifurahi. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sijui nitaiweka wapi. Kabla ya aibu, kabla ya kila kitu, nilifurahi. Nikapanda, nikakaa upande wa mtoni ili nisimwone.

Kule juu sikushuka, lakini kichwa hakikuniuma. Niliogopa kusimama.

Baadaye, badala ya kunyamaza tu, nilikupa jina la mtu asiye na mtetezi. Nilimchagua kwa kuwa hana karatasi. Nilijua.

Mwambie mkewe. Usimpambie maneno. Mwambie: hakumwona, alisema uongo.

Sikuombi kitu.

Sarfaroz


Passu, 20 Desemba 1997

Sarfaroz,

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaitia jikoni. Leo nimeamua iende hivyo ilivyo.

Nadirsho yuko kazini. Walikuwa wameshampakia kwenye gari la kumrudisha. Nilikimbia na barua yako kichwa wazi, ushungi sijui ulianguka wapi. Mke wake amejifungua binti. Nilikwenda na siagi na nguo. Akanikaribisha vizuri. Nikamwambia kama ulivyotaka: hakumwona, alisema uongo. Akauliza, "Kwa nini?" Nikasema, "Aliogopa." Akasema, "Sote tunaogopa," akaendelea kumnyonyesha mtoto. Nimekuletea maneno yake kama yalivyo. Ukae nayo.

Kijijini wamerudi kunipenda. Bibi Hurmat kaleta unga, anasema alijua tangu mwanzo kwamba ni wewe. Nikamwambia, "Bibi, ulijua tangu mwanzo kwamba ni Tawakkal." Sasa kila mtu anataka nikutukane ili waitikie. Sikutukani mbele yao. Hapa tuko wawili: wewe ni mshenzi. Umeniita dada ukanitumia kama mkono wa kumnyongea mtu. Nilipeleka jina la Nadirsho kwa miguu yangu mwenyewe, nikitabasamu. Hilo si lako peke yako, na ndilo linaloninyima usingizi. Nilitaka sana hatia iwe yake. Sikuuliza hata swali moja.

Mchungaji alipigwa faini na wazee, kisha wazee hao hao wakakubaliana kijiji kimjengee zizi la mawe lenye paa. Tawakkal ndiye aliyeanza kubeba mawe.

Unauliza habari zake katika kila barua unayotuma, na najua ni kwa sababu yeye hakujibu. Hajambo. Anakula. Hasemi jina lako. Siku ile ulipoingia Sost na basi la mwisho, ukanyoosha mikono kwa polisi mbele ya abiria wote, alikuwa ameachiwa asubuhi ile, amesimama nyuma ya duka la chai. Aliona yote. Nilimwambia, "Nenda basi, japo umsalimie." Akasema, "Nikienda nitampiga, na nikimpiga nitamhurumia, na sitaki kumhurumia." Akarudi nyumbani kwa miguu, baridi ile.

Usiniombe nikupatie msamaha wake. Si mkate kwamba nikate kipande nilete.

Njia ya Gilgit ikiruhusu nitakuja siku ya kutembelea wafungwa. Nitakuletea soksi. Usidhani soksi ni kitu kingine, ni soksi tu. Kule kuna baridi, na mama angeniuliza.

Nasab


Kashgar, 11 Mei 1998

Sarfaroz,

Nasab hajui kwamba nakuandikia. Wala mimi sikujua mpaka jana.

Njia ilipofunguliwa nilipanda basi la mwanzo. Niliondoka peke yangu. Watu walinishangaa, wengine walidhani nimerukwa. Nilitaka kuona kama naweza kupita mlango ule.

Forodhani walinikagua. Wote sasa wananijua na wananiheshimu, wakasema, "Ah, Tawakkal, wewe pita." Nikasema hapana, fungueni. Nikatoa vitu vyote mwenyewe, kimoja kimoja, mezani. Shati, soksi, sufuria. Nilipofika kwenye mfuko wa kulalia nilishindwa kuifungua kamba. Nilikuwa nimeupanga mimi, peke yangu, mlango nimeufunga, na bado niliogopa kitakachoanguka. Afisa akanifungulia. Hakikuanguka kitu. Hapo ndipo nilipokuchukia kuliko siku zote za baridi. Hukunifunga mahabusu tu. Umenifanya niogope shanta langu mwenyewe.

Nilipanda basi nikiwa na hasira hiyo, nikapanda nayo mpaka juu. Theluji pande zote mbili za barabara imesimama kama ukuta. Pale kwenye jiwe la mpaka watu wakashuka, nami nikashuka. Upepo unakata masikio. Alikuwepo mzee mmoja wa Kirgizi, mnunuzi wa ngamia, ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Pumzi zilimwishia, nikamkalisha juu ya tairi la akiba, nikampa chai yangu ya chumvi. Alipopata nafuu akaanza kunihoji kama wazee wanavyohoji. Kwenu wapi? Baba yako nani? Umeoa? Kwa nini hujaoa, una kasoro gani? Nikacheka, mara ya kwanza tangu lini sijui.

Kisha akauliza, "Una ndugu?"

Nikamwambia ninaye dada.

"Wa kiume?"

Mirbaz alikuwa ameshaanza kupiga honi. Ningeweza kunyanyuka nikampa mkono tukaenda zetu. Mtu simjui, hanijui, njia yake na yangu zinaachana hapo mbele. Kusema "sina" kulikuwa kazi ya pumzi moja, na kule juu pumzi ni ghali.

Nikamwambia, "Ninaye."

"Yuko wapi?"

"Gilgit. Gerezani."

Mzee akanitazama juu ya miwani. Akauliza, "Kafanya nini?" Nikamwambia, "Kanifanyia mimi."  Alinishika bega, tukapanda.

Sijakusamehe. Nakuandikia ujue hivyo, usije ukasoma kingine. Ila nimeulizwa mpakani, nimesema ninaye, na ni kweli.

Kesho napanda basi la kwenda mashariki, mpaka reli inakoanzia. Sijui itachukua muda gani mpaka baharini. Nikirudi nitakuja kukuona, na nitakaa upande wangu wa meza, na pengine sitasema kitu.

Tawakkal